Barua ya ofa ya benki ina historia, na Woodley iko ndani

Wasee, wacha niseme kitu ambacho wengi hawataki kuskia. Barua ya ofa ya mkopo wa nyumba bado si pesa. Ni karatasi ya masharti, na ukikosa hata moja benki inaweza kukuacha mataani baada ya kumlipa mthamini na wakili. Masharti yenyewe hayakutoka hewani. Mengi yake yalitokana na watu kuumia hapa hapa Kenya, na ukijua waliumia vipi, unajua ni wapi pa kusoma mara mbili.

Chukua Woodley, hapa kati ya Adams Arcade na Kibera. Zile bungalow zenye uwanja mkubwa ni za enzi za mkoloni, wakati mitaa ya Nairobi iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Woodley ilikuwa ya wazungu. Baada ya uhuru nyumba zikabaki za baraza la jiji na Waafrika wakaingia kama wapangaji. Halafu zikaja zile enzi ardhi ya umma iligawanywa kama peremende, na baadhi ya nyumba za Woodley zikajikuta kwa majina ya watu binafsi. Si kwa karatasi za kuchora River Road. Hatimiliki kamili, stempu na sahihi. EACC, tume ya kupambana na ufisadi, imekuwa kotini miaka mingi ikizirudisha kwa umma.

Sasa fikiria wewe ndiye uliyenunua kutoka kwa mtu aliyenunua kutoka kwa mnyakuzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 40(6), inasema mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ikakazia hapo, kwa kesi ya ploti ya ufuoni Mombasa: kuwa na hatimiliki pekee haitoshi, lazima mzizi wake uwe halali, na kusema "mimi nilinunua kwa nia njema" hakukuokoi.

Ndiyo maana barua ya ofa inasema hatimiliki "iwaridhishe mawakili wa benki". Soma vizuri: mawakili wa benki. Unawalipa wewe, lakini kazi yao ni kulinda benki. Wakikosea, deni bado ni lako. Tafuta wakili wako, na usiridhike na upekuzi wa Ardhisasa unaoonyesha mwenye mali wa leo tu. Uliza huyo naye alipata kwa nani, na huyo wa kwanza alipewa na nani. Kwa mtaa wowote uliowahi kuwa wa baraza, hilo ndilo swali la kwanza.

Sharti la pili ni riba, na hapa ndipo nakaa sana, kwa sababu ndilo linamaliza watu.

Kampuni ya HFCK ilianzishwa 1965 na serikali pamoja na shirika la Waingereza la CDC, ndio Mwafrika wa mshahara naye aweze kununua nyumba. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 70, ilipitia hapo. Wazazi wa Buru walilipa pole pole, na riba ilikuwa inadhibitiwa na serikali. Kisha 1991 riba ikaachiliwa huru. Uchaguzi wa 1992 ukaja na pesa kuchapishwa ovyo, Goldenberg ikaingia, na kufikia 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Riba za mikopo zikapanda zaidi ya asilimia 30.

Piga hesabu. Mkopo wa 1,000,000 wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 15 unalipa kama 13,200 kwa mwezi. Riba ikiwa asilimia 30, unalipa 25,000 na ushee. Nyumba ni ile ile. Mshahara wa mwalimu haukupanda hivyo, buda.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya binamu yangu, nesi, anayetaka kununua keja ya vyumba viwili karibu na Ngong Road. Alinitumia barua yake ya ofa, kurasa tisa, siku 14 za kutia sahihi. "We mtoto, si kazi yako ni intaneti, hebu nisomee hii." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sheria sijawahi soma, lakini kusoma najua. Ukurasa wa nne: riba inaweza kubadilishwa na benki wakati wowote kwa hiari yake. Yeye alikuwa ameangalia tu ile riba ya ukurasa wa kwanza.

Sheria inamsaidia kidogo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya maandishi ya siku 30 kabla riba inayobadilika ipandishwe. Bunge pia lilijaribu kufunga riba kwa kofia: 2016 ikawa si zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kufikia Novemba 2019 kofia ikatolewa. Kwa hivyo usiamini mtu akikuambia serikali haitakubali riba ipande. Ilishakubali.

Nilimwambia aulize mambo mawili: riba imefungwa kwa kiwango gani, na kama kuna mkopo unaopitia KMRC. Hii ni kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka wa 2020. Inakopesha benki na Sacco ndio nazo zikope watu kwa muda mrefu, na mikopo hiyo mingi ina riba isiyobadilika, chini ya asilimia 10. Kuna masharti ya kipato na bei ya nyumba, lakini kuuliza ni bure. Mwisho wa 2023 mikopo ya nyumba kwa benki zote Kenya ilikuwa takriban 30,000. Nchi nzima! Halafu mtu kwa TikTok anakuuliza mbona bado unalipa rent.

Mthamini pia anaweza kukushtua. Nyumba inauzwa 5,000,000, benki imesema itatoa asilimia 90, umejipanga na 500,000. Mthamini akisema ni ya 4,500,000, benki inatoa 4,050,000. Sasa unatafuta 950,000, na hapo hujalipa ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4.

Na ukishindwa kulipa? Hadi 2012, rehani nyingi Kenya zilitawaliwa na sheria ya India ya 1882. Sijatunga hiyo. Siku hizi benki inakupa notisi ya miezi mitatu, kisha siku 40 za nia ya kuuza, na dalali naye anatoa siku 45. Kama ni nyumba ya familia, mume au mke lazima awe alikubali rehani. Na tangu 2007 kuna kanuni kwamba mkopo ukishakwama, riba haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipokwama. Kabla ya hapo kuna watu walidaiwa mara kadhaa ya walichokopa.

Hizo notisi zote zinatumwa kwa anwani uliyoandika kwenye barua ya ofa. Binamu yangu alikuwa ameandika sanduku la posta la shule yake ya upili.