Mwalimu wa Chekechea na Uchovu Uliotoka Mbali

Kwa majuma kadhaa sasa tumekuwa tukizungumza juu ya maradhi yanayoletwa na kazi. Leo ni zamu ya mtu ambaye wengi wetu hatumhesabu kuwa na kazi nzito: mwalimu wa chekechea. "Yeye si anacheza tu na watoto?" Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, hata kwa wauguzi wenzangu.

Kwanza niungame. Mwalimu mmoja alikuja kwangu mara tatu katika muhula mmoja. Mara ya kwanza kichwa kilimuuma, mara ya pili tumbo, mara ya tatu hapati usingizi. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Presha ilikuwa imepanda kidogo. Mara zote tatu nilimpa dawa za maumivu na kumwambia apumzike. Aliporudi mara ya nne ndipo nilipomuuliza habari za kazi yake, naye akalia. Hakuwa amelipwa kwa miezi minne. Nikaanza kuuliza huku na huku ni kwa nini mwalimu akae miezi minne bila mshahara, nikakuta kwamba jibu halianzii katika shule yake. Linaanza miaka sabini iliyopita.

Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kuanzia 1954, watu wapatao milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Akina mama walitolewa kila asubuhi kwenda kuchimba mahandaki na kutengeneza barabara bila malipo. Mtoto wa miaka mitatu abaki na nani? Ndipo vikaanzishwa vituo vya kuwaangalia watoto wakati mama zao wako kazini. Katika mashamba makubwa ya kahawa na majani chai kulikuwa na vituo vya namna hiyo hiyo, ili mama achume akiwa na mikono mitupu. Mjini Nairobi, watoto wa Wazungu na Wahindi walikuwa tayari na shule zao za nasari tangu miaka ya 1940.

Angalia vizuri jambo hili, msikilizaji. Kwa mtoto Mwafrika, vituo vingi havikuanza kwa ajili ya masomo. Vilianza ili mama yake afanye kazi. Aliyekaa na watoto alionekana kuwa mlezi tu, mwanamke yeyote aliyepatikana. Mafunzo yake na malipo yake halikuwa jambo la kuumiza mtu kichwa.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliwaita wananchi kwa neno Harambee. Vikundi vya akina mama, makanisa na wazazi wakajenga nasari kila pembe ya nchi. Pengine darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa, pengine kivuli cha mwembe. Silaumu hata kidogo, maana bila wazazi hao hatungekuwa na chekechea. Lakini kanuni moja iliingia hapo na haikutoka: mwalimu hulipwa kutokana na karo ya wazazi. Mvua ikinyesha na mahindi yakiuzwa, analipwa. Mvua ikikosekana, anangoja. Tume ya Kuajiri Walimu iliyoundwa mwaka 1967 iliwachukua walimu wa shule za msingi na za upili. Wa nasari walibaki na kamati zao.

Mapema miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilianza mradi wa kuboresha chekechea kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer kutoka Uholanzi. Mwaka 1980 chekechea zikahamishwa kutoka wizara iliyosimamia huduma za jamii hadi Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wachanga kikafunguliwa, na mwaka uliofuata vya wilaya vikaanza. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Ila mafunzo yenyewe yaliendeshwa wakati wa likizo kwa miaka miwili, ili mwalimu asitoke darasani. Wengine wakipumzika, yeye anabeba blanketi kwenda chuoni, mara nyingi kwa pesa zake. Alirudi akiwa na cheti, na mshahara ni ule ule wa karo.

Kisha ikaja Januari 2003, elimu ya msingi ikawa ya bure. Sote tulishangilia. Chekechea haikuwemo. Wazazi wengi waliona heri mtoto akae nyumbani hadi afike darasa la kwanza kuliko kulipia nasari, na palipopungua watoto, mshahara wa mwalimu nao ulipungua. Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, nazo kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Walimu wengi wakaajiriwa, baadhi kwa kandarasi fupi fupi, lakini shule za binafsi na za kijiji zimeendelea na desturi ya karo. Korona ilipofunga shule Machi 2020, karo ilikatika siku hiyo hiyo. Watoto wa chekechea walirudi Januari 2021. Katikati hapo nilimwona mwalimu akiuza mboga kando ya barabara, na aliponiona aliinamisha uso kama mtu aliyeiba.

Sasa tuingie katika mwili. Mtu akiwa na wasiwasi, mwili humwaga homoni zinazomwandaa kukimbia au kupigana. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini wasiwasi wa mshahara haupiti, na darasa la watoto arobaini halitulii. Hata chooni mwalimu haendi, kwa sababu hana wa kumwachia watoto. Nimetibu maambukizi ya njia ya mkojo kwa walimu wengi wanaojizuia kutoka asubuhi hadi saa saba. Na wakati wote huo lazima uso ucheke, kwani mtoto mdogo husoma uso kabla ya kusoma herufi.

Mwaka 1974 daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya hali aliyoiona kwa watu waliojitolea kuhudumia wengine katika kliniki moja ya bure jijini New York: walianza na moyo mkunjufu, wakaishia kuwa kama taa iliyokwisha mafuta. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili tatu za uchovu huo wa kazi. Nguvu zimekwisha. Moyo umejitenga na kazi, hata mtoto akilia unaona kero. Na unajiona hufai kitu. Shirika hilo halikuuita ugonjwa. Lilisema unatokana na mkazo wa kazini usiodhibitiwa. Yaani tatizo liko kazini.

Ndiyo maana ushauri wangu wa "pumzika" ulikuwa bure. Kilichomsaidia mwalimu yule ni kwamba kamati ilikubali kumlipa malimbikizo kidogo kidogo, na mzazi mmoja kwa zamu akawa anakuja saa nne kugawa uji, ili mwalimu apate robo saa yake. Baada ya miezi miwili presha ilishuka na usingizi ukarudi.

Lakini ikiwa huzuni imekukalia kwa majuma mawili au zaidi, hufurahii chochote, au unawaza kujidhuru, huo si uchovu tu. Njoo siku hiyo hiyo, usingoje likizo. Yapo matibabu. Na ukifika zahanati yoyote ukiwa na kichwa kisichopona, mwambie muuguzi kwamba wewe ni mwalimu wa chekechea na lini ulilipwa mwisho, hata kama hakukuuliza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya sauti ya mwalimu na kwa nini inakauka kabla ya muhula kwisha.