Kikapu Kiliwekwa Juu kwa Sababu ya Rafu

Kuna maneno ambayo kila mtu aliyewahi kucheza basketi huku kwetu, iwe Sio Port, Funyula au Busia mjini, ashayasikia: "Huu ni mchezo wa wanaume. Kama unaogopa kuguswa, enda ucheze drafti." Kawaida yanasemwa baada ya mtu kusukumwa akiwa hewani, ameanguka vibaya, na aliyemsukuma ameshaanza kurudi upande wake kama hakuna kitu kimefanyika.

Leo nataka kuyajibu hayo maneno kwa historia, si kwa hasira. Juu ukifuatilia mpira wa vikapu ulitoka wapi, unapata kitu cha kuchekesha: huu ndio mchezo ambao tangu siku ya kwanza uliundwa ili kuondoa rafu. Anayesema rafu ndiyo basketi yenyewe hajui anacheza nini.

Twende 1891. Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye chuo cha kufundisha wafanyakazi wa YMCA. James Naismith, Mkanada wa miaka 30, alikuwa mwalimu hapo. Baridi ilikuwa imefunga vijana ndani na walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo. Mkubwa wake, Luther Gulick, alimpa wiki mbili atafute mchezo wa kuchezea ndani. Naismith kwanza alijaribu kuingiza ndani michezo ya nje, ikiwemo ile football yao ya kubeba mpira. Haikuwezekana. Sakafu ni ya mbao, ukuta uko karibu, na mtu akiangushwa ameumia.

Akakaa akafikiria. Kwa nini watu wanaangushana kwenye football? Kwa sababu mwenye mpira anakimbia nao, na njia ya kumsimamisha ni kumwangusha. Basi ukimkataza kukimbia na mpira, hakuna sababu ya kumwangusha. Halafu akafikiria goli. Goli likisimama wima chini, mtu anapiga kwa nguvu zake zote. Lakini likilala juu ya vichwa vya watu, lazima urushe mpira taratibu, upande halafu ushuke. Nguvu haisaidii hapo.

Soma hiyo tena. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Naismith alitengeneza mchezo ambao mwenye nguvu hapishwi na yeyote. Vile vikapu vya kubebea matunda vilipigiliwa kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini, na futi 10 ndiyo urefu mpaka leo, mita 3.05. Kila ukiangalia ringi pale uwanjani, unaangalia jibu la mtu aliyekuwa amechoka na rafu.

Sasa, je, ilifanya kazi mara moja? Wapi! Mwaka 1939, miezi kadhaa kabla ya kufariki, Naismith alihojiwa kwenye redio moja ya New York. Alisimulia kwamba mara ya kwanza alipowaachilia vijana wake 18, tisa kwa tisa, hakuwa na sheria za kutosha. Walianza kukamatana, kupigana mateke na ngumi. Kabla awatenganishe, mmoja alikuwa amezirai, wengine macho yamevimba, na mmoja bega limetoka mahali pake. Wenyewe walifurahia na wakaendelea kumsumbua wacheze tena. Yeye aliogopa wataumizana zaidi, ndipo akaongeza sheria. Kwa maneno yake, iliyosaidia zaidi ni ile ya kutokimbia na mpira.

Sheria zake zilikuwa 13. Ya tano ndiyo ningependa ibandikwe kwenye kila mlingoti wa kikapu nchi hii. Ilikataza kumpiga mtu bega, kumshika, kumsukuma, kumtega au kumgonga. Kosa la kwanza linahesabiwa. La pili, unatoka nje mpaka kikapu kinachofuata kifungwe. Na ikionekana wazi kwamba ulikusudia kuumiza, unatoka mchezo mzima, na timu yako hairuhusiwi kuleta mtu mwingine. Ona basi: hata kabla ya dribo na kabla ya mtupo huru, tayari kulikuwa na tofauti kati ya kosa la mchezo na kosa la nia mbaya. Hiyo tofauti ina umri zaidi ya miaka 130, na bado kuna watu wanabishana nayo.

Vyuo vya Marekani viliuchukua huu mchezo haraka. Lakini kabla hatujafika kwao, kuna jambo watu hawajui kuhusu NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule. Mwaka 1905 vijana wasiopungua 18 walifariki Marekani wakicheza football. Ilifika mahali Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo Ikulu kuongea juu ya hiyo rafu. Mwaka uliofuata, 1906, vyuo vikaunda chama cha kusimamia sheria, na mwaka 1910 kikapewa jina la NCAA. Kwa hivyo hata hilo jina kubwa tunaloliona kwenye jezi za mitumba pale soko la Busia lilizaliwa kwa sababu watoto wa watu walikuwa wanakufa uwanjani.

Sasa tufike kwa basketi ya vyuo yenyewe. Tarehe 25 Januari 1972, jijini Minneapolis, Minnesota walikuwa nyumbani dhidi ya Ohio State. Watu zaidi ya 17,000 ndani. Mechi ilikuwa imepamba moto tangu mwanzo. Wakati wa kwenda mapumziko, mchezaji mrefu wa Ohio State, Luke Witte, alimgonga Bobby Nix wa Minnesota kwa kiwiko. Hakuna kilichofanyika. Weka hapo alama.

Zikiwa zimebaki sekunde 36, Ohio State wanaongoza 50 kwa 44. Witte anaenda kufunga, anapigwa faulo kali, anaanguka. Corky Taylor wa Minnesota anamnyooshea mkono kama anataka kumwinua. Witte anaushika. Taylor anamvuta, halafu anampiga goti sehemu za siri. Mwenzake, Ron Behagen, ambaye alikuwa kwenye benchi kwa sababu faulo zake zilikuwa zimejaa, anaingia uwanjani na kumkanyaga Witte kichwani na shingoni. Baada ya hapo ni vurugu, hata mashabiki wakaingia. Mechi ikasimamishwa hapo hapo, na wachezaji watatu wa Ohio State wakapelekwa hospitali.

Taylor na Behagen walifungiwa msimu wote uliobaki. Witte alirudi kucheza, lakini wengi waliomjua walisema hakuwa yule wa kwanza tena. Na Minnesota? Walichukua ubingwa wa ligi yao mwaka huo huo. Hapa ndipo wapenda rafu husema: unaona, inalipa. Lakini uliza mtu leo hiyo Minnesota ya 1972 inakumbukwa kwa nini. Ubingwa wameusahau. Goti wanalikumbuka. Taylor mwenyewe alikuja kumtafuta Witte miaka baadaye akamwomba msamaha, na wakawa marafiki. Witte alikuwa amekuwa mchungaji.

Mimi ninachochukua kwa hiyo hadithi si lile goti. Ni kile kiwiko cha mapumziko ambacho hakikuadhibiwa. Faulo ikipita bure haiishi, inaenda kusubiri. Aliyegongwa anahesabu, na wenzake wanahesabu. Siku ikifika sekunde 36 za mwisho na mnashindwa, deni linalipwa na riba.

Ndiyo maana sheria zimekuwa zikifukuzana na rafu miaka yote. Zamani timu ilikuwa inachagua fundi mmoja wa kurusha mitupo huru yote; kuanzia 1924 aliyechezewa madhambi ndiye anarusha mwenyewe. Msimu wa 2011/12, vyuo vya Marekani viligawa madhambi makubwa kwa ngazi mbili: ya kwanza, mwenzako anapata mitupo miwili huru na mpira unabaki kwao, ya pili, hayo yote na wewe unatolewa. Sisi huku tunacheza kwa sheria za FIBA, na hazina huruma pia. Ukimgonga mtu bila hata kujaribu kucheza mpira, au kwa nguvu kupita kiasi, ni faulo isiyo ya kiungwana: mitupo miwili na mpira. Ukiirudia kwenye mechi hiyo hiyo, umetolewa. Na faulo tano za aina yoyote, kazi yako imeisha siku hiyo.

Watangazaji wetu wa redio wana neno zuri kwa haya yote: madhambi. Fulani amemchezea fulani madhambi. Neno lenyewe lina dhambi ndani yake. Hawakusema "amemchezea kiume."

Najua mtaniambia basketi bila kugusana si basketi. Kweli kabisa. Kupigania nafasi chini ya kikapu kwa mgongo na makalio, kumwekea mtu kizuizi cha kifua, kugombea mpira unaorudi kutoka ubaoni, hayo ni mchezo na mimi nayapenda. Tofauti ni moja tu: unacheza mpira, au unacheza mwili wa mtu? Aliye hewani hana pa kujishikia. Ukimtoa miguu hapo, huo si ukakamavu, ni kumvizia.

Na kwa upande wetu huu wa ziwa, bei yake ni kubwa. Kule Marekani mtu akivunjika mkono kuna daktari wa timu amekaa kando ya uwanja. Huku, boda ndiyo ambulensi. Uwanja ni simiti yenye mchanga juu, si mbao. Na wengi tunaocheza nao jioni, usiku wako ziwani na taa wakivua omena, au wanapakia mizigo mpakani. Kwa mtu kama huyo kiganja ndicho ofisi. Kuna kijana mmoja tulikuwa tukicheza naye, mfupi, mwepesi, anapita katikati ya watu kama ngege kwenye wavu mbovu. Aliangushwa mara moja akivunja kasi kuingia chini ya kikapu, akakaa wiki sita hawezi kuvuta wavu. Hakurudi uwanjani, na simlaumu. Wasichana nao walianza kuja, wakaona vile mambo yanaenda, wakabaki kando wakitazama, baadaye hata kutazama wakaacha. Kila rafu tunayoichekea inafukuza mtu, na mara nyingi inafukuza wenye kipaji, kwa sababu hao ndio wanaopigwa.

Kumbukeni Februari 2021, Yaoundé. Kenya dhidi ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11. Watu wakubwa kutuliko, wenye uzoefu kutuliko. Tukashinda 74 kwa 73, na Tylor Ongwae ndiye aliyetia ule mpira wa mwisho saa ikiisha. Hakumsukuma mtu. Aliruka, akarusha, mpira ukapanda ukashuka ndani, vile vile Naismith alivyotaka. Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28.

Kwa hivyo kwa sisi wa hapa, na jamaa wa Majanji wanaovuka kuja kucheza nasi, mimi naomba mambo manne tu, na hakuna linalohitaji pesa. Refa awe mtu ambaye hachezi siku hiyo. Faulo ziandikwe kwenye karatasi, ya tano unatoka, hata kama mpira ni wako. Ukimgonga aliye hewani kwa makusudi, mitupo miwili na mpira, na ukirudia unaenda nyumbani. Na aliye nje ya mstari abaki nje ya mstari, kwa sababu Behagen alitoka benchi.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kama difensi yako ni kumwangusha mtu, wewe ushashindwa, ni vile tu hujaandikiwa kwenye ubao.