Neno la Kumtaja Mungu

Mara nyingi waseminari huniuliza: «Padri, neno hili la Kilatini tuliseme namna gani kwa Kiswahili?» Wanafikiri jibu limekaa katika kamusi, sawa na ufunguo uliofichwa chini ya mkeka. Kwa maneno mengi ni hivyo. Lakini yako maneno ambayo kamusi yatungojea sisi kwanza, na la kwanza kati yao ni jina lenyewe la Mungu. Mfasiri akikosea neno la jembe, mkulima atacheka na kumsahihisha papo hapo. Akikosea hapa, watu watapiga magoti miaka mingi mbele ya mwingine, na hakuna atakayecheka. Jambo hilo limekwisha kutokea. Tuanze mbali, kisha turudi kwetu Kongo.

Tarehe 15 Agosti 1549, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Mtakatifu Francisco Xavier alishuka Kagoshima, katika nchi ya Japani. Lugha hakuijua. Mkalimani wake alikuwa Anjirō, Mjapani aliyebatizwa Goa mwaka wa 1548 kwa jina la Paulo. Alikuwa mtu mwenye akili na moyo mwema, ila vitabu vikubwa vya dini ya Buda hakuvisoma. Alipotakiwa kutoa jina la Muumba wa vitu vyote, alitoa lile aliloona kubwa kupita yote: Dainichi. Basi mtakatifu akahubiri kwamba watu wamwabudu Dainichi. Watawa wa madhehebu ya Shingon wakamkaribisha kwa furaha. Kwa nini wasifurahi? Dainichi alikuwa wao, Buda mkuu wa madhehebu yao, na huyu mgeni mwenye kanzu iliyochakaa alikuwa ametoka Uhindi, nchi ya Buda mwenyewe!

Ilikuwa mwaka wa 1551, katika mji wa Yamaguchi, Xavier alipoanza kuwauliza kwa makini: juu ya Utatu Mtakatifu, juu ya Mwana wa Mungu aliyejifanya mtu na kufa msalabani. Mambo hayo hawakuyajua kabisa. Ndipo alipotambua kwamba Dainichi si Muumba anayependa na kusikia, bali ni kama asili ya vitu vyote. Akamtuma mwenzake Juan Fernández njiani kutangaza kwamba watu wasimwabudu Dainichi. Tangu hapo akalishika neno la Kilatini na la Kireno: Deus. Je, shida ikaisha? Wapinzani walilisikia neno hilo jipya, wakaligeuza kinywani mwao likawa «dai uso», maana yake «uwongo mkubwa». Neno la nyumbani lilikuwa na wenyewe. Neno la ugenini halikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila mtu aliweza kulijaza alichotaka. Mwaka wa 1555 Padri Baltasar Gago alihesabu maneno kama 50 ya dini ya Buda ambayo Wakristu walikuwa wakiyatumia kwa hatari, akayabadili.

Sasa turudi kwetu. Katika ufalme wa Kongo, mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka wa 1491, kabla Xavier hajazaliwa. Mwaka wa 1624 katekisimu ya Kireno na Kikongo ilipigwa chapa Lisbon, mstari wa lugha moja chini ya mstari wa nyingine. Kazi hiyo iliongozwa na Padri Mateus Cardoso, Myezuiti, lakini waliofasiri ni walimu Wakongo wa Mbanza Kongo, mji ulio leo katika Angola. Hawa walikuwa wenye lugha, na tena Wakristu tangu mababu. Tazameni walivyochagua. Mungu ni Nzambi a Mpungu. Padri ni nganga. Na kwa «takatifu» hawakuogopa: walichukua neno la nkisi. Kanisa likawa nyumba ya nkisi, na Biblia kitabu chenye nguvu ileile.

Najua msomaji anashtuka. Kwetu leo nganga ni mtu wa dawa na kupiga ramli, na nkisi ni kile kitu ambacho mapadri wengi walikitupa motoni. Hata mapadri wa zamani walichanganyikiwa. Mkapusini Georges de Geel, Mfleminji, alichoma vitu vya nkisi, wanakijiji wakampiga, naye akafa mwaka wa 1652. Fikirini jambo hilo katika masikio ya Wakongo: nganga amekuja kuchoma nkisi! Mimi siwahukumu wale walimu wa Mbanza Kongo. Hawakumtafutia Mzungu neno, walijitafutia wenyewe neno la kusali, wakaona kwamba nguvu yote inayofichika katika vitu imetoka kwa Mungu. Baadaye sana wamisionari wengine walilikataa neno hilo, na leo Wakongo husema Mpeve a Nlongo kwa Roho Mtakatifu. Tusisahau tena kwamba kamusi kubwa ya Kilatini, Kispania na Kikongo ya miaka ile, ambayo nakala yake iliandikwa kwa mkono wa Georges de Geel huyohuyo, ilitokana hasa na kazi ya Manuel Roboredo, padri mzaliwa wa Kongo. Aliuawa katika vita vya Mbwila, mwaka wa 1665.

Jirani zetu wa Rwanda walipata njia ya tatu. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Save mwaka wa 1900. Wanyarwanda walikuwa na Imana, Muumba, mwema, asiyetambikiwa kama mizimu. Lakini neno lilelile lilitumika pia katika kupiga ramli, kwa dalili njema zilizoonekana. Mapadri wakaogopa, wakachukua neno la Kiswahili: Mungu. Ikawa jambo la ajabu. Mtu aliitwa Habimana, yaani Imana yupo. Au Hakizimana, yaani Imana ndiye anayeponya. Huyo alikuja kubatizwa, akafundishwa kusali kwa Mungu, jina ambalo mama yake hakulitamka siku alipomzaa. Miaka zaidi ya 60 jina la mtoto lilisema jambo moja na sala yake nyingine. Katika miaka ya 1960, wakati wa Mtaguso wa Vatikano wa Pili na baada yake, Imana aliingia kanisani kwa jina lake.

Na sisi wa Kiswahili? Neno Mungu si la Kiarabu, kama wengine wanavyodhani. Ni la Kibantu, ndugu ya Mulungu. Hata hivyo kwa watu wa Marungu lilikuwa mgeni, maana wao husema Leza. Mapadri walipofika Mpala mwaka wa 1885 walikuta Kiswahili kimekwisha kubeba maneno ya Waislamu: sala, dhambi, roho, neema. Wakayapokea bila hofu kubwa. Kwa Misa na sakramenti walibaki na Kilatini.

Neno linaloniletea maswali mengi zaidi darasani ni «nafsi». Twafundisha: Mungu mmoja, nafsi tatu. Mtoto mwerevu huuliza: «Mimi nina nafsi moja, Mungu anazo tatu, basi ni watu watatu?» Tusimkaripie. Kilatini chenyewe kilichukua persona, neno la barakoa ya mchezaji, na Wagiriki walisema hypostasis, neno ambalo Mtakatifu Hieronimo, karibu na mwaka wa 376, alimwandikia Papa Damasus akilalamika kwamba linamtia mashaka. Miaka michache mbele, mwaka wa 362, maaskofu walikutana Aleksandria pamoja na Mtakatifu Athanasio. Wengine walikiri hypostasis moja, wengine tatu, na kila upande uliwashuku wenzao kuwa wazushi. Athanasio hakuanza na neno. Aliwauliza hawa, kisha wale, wanasadiki nini wanapolitamka. Wakajibu, ikaonekana imani yao ni moja, wakaacha kulaaniana.