Kutoka foni hadi mega: namna rezo ilifika Kivu, na kwa bei gani

Kabla ya simu ya mkononi, mtu wa Walikale au Shabunda aliyetaka habari za ndugu yake wa Goma alikwenda kwenye foni. Ilikuwa redio kubwa juu ya meza, kwenye parokia au kwa wafanyabiashara wa kasiterite, ikitumia betri ya gari na waya mrefu uliofungwa kwenye mti. Ulipanga saa: kesho saa nne, ndugu aitwe. Saa ikifika mmoja alisema, akanyamaza, mwingine akajibu, na wote waliokuwa chumbani wakasikia, pamoja na vituo vingine vilivyofungua wimbi lilelile. Kifo, deni, mahari, vyote vilipita mbele ya watu. Familia zilizotawanywa na vita vya 1996 na 1998 zilikuwa pia na ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa, yenye habari za jamaa peke yake, ambayo iliweza kutembea wiki nyingi kabla ya kumkuta mwenyewe.

Na bado inchi hii haikuchelewa kuijua simu ya mkononi. Mwaka wa 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel mjini Kinshasa, na Zaire ikawa kati ya inchi za kwanza za Afrika kuwa na rezo ya namna hiyo. Lakini simu moja iligharimu maelfu ya dola. Walioibeba walikuwa mawaziri, majenerali na matajiri wachache. Mashine ilifika mapema, bei ikabaki mlangoni kama askari.

Mlango ulianza kufunguka miaka ya 2000. Celtel, ambayo leo inaitwa Airtel, na Vodacom zilisimamisha antena mji kwa mji. Mwezi wa Oktoba 2002 sheria mpya ilifungua soko na kuunda ARPTC, ofisi inayosimamia kampuni hizo. Vijana wakakaa kando ya barabara chini ya parasoli, na meza na simu moja, wakiuza dakika kwa mtu asiye na simu yake. Foni ilianza kunyamaza katika miji, si katika misitu.

Wakaaji wa Goma walikuwa na njia yao: kadi ya Rwanda mfukoni. Antena za Gisenyi hazikujua mpaka uko wapi, na wengi walipiga hesabu ya bei, wakachagua.

Intaneti ni habari nyingine, na hapa ndipo swali linalorudi kila siku linapata jibu: kwa nini mega ni ghali? Intaneti ya dunia husafiri hasa ndani ya kebo zilizolazwa chini ya bahari. Kongo ina pwani ndogo, kwenye Atlantiki, huko Muanda. Kebo ya WACS ilizinduliwa huko mwaka wa 2013, miaka minne baada ya Mombasa kupata kebo zake za kwanza za namna hiyo. Kabla ya hapo sehemu kubwa ilipita kwa satelaiti, na siber za Goma na Bukavu ziliuza saa moja kwa bei iliyomfanya mwanafunzi aandike barua yake kwenye karatasi kwanza, ili asipoteze dakika akifikiri mbele ya mashine.

Kutoka Goma, Mombasa iko karibu kuliko Muanda. Ndiyo sababu mashariki yamezoea kuvuta intaneti yake upande wa Bahari ya Hindi, kupitia inchi za jirani, na kila mpaka una mtu wa kulipwa. Ongeza mazutu. Antena isiyofikiwa na umeme hula mazutu usiku na mchana, na mazutu hayo hupanda lori katika barabara ambazo msomaji anazijua. Kampuni hupenda kujenga palipo na wateja wengi na barabara. Kijiji cha Masisi au Lubero kinabaki nyuma hata kabla bunduki haijalia.

Lakini si yote ni ya umbali. Mwezi wa Septemba 2020 ilianza RAM, daftari la simu za mkononi. Serkali ilisema ni kwa kupambana na simu bandia na za wizi. Mwenye simu ya intaneti alikatwa dola 7 kwa mwaka, mwenye simu ndogo dola 1, na feza ilitoka ndani ya yunite alizokwisha kununua. Mama aliyetia yunite kidogo ili aulize mtoto yuko wapi alikuta zimepungua kabla hajapiga. Hakuna ushuru uliochukiwa hivyo katika miaka hiyo. LUCHA waliandamana, wabunge wakauliza maswali, na mwaka wa 2022 RAM ikafutwa.

Kuna pia siku ambazo hata mwenye feza hakupata kitu. Desemba 2011 ujumbe mfupi ulizimwa baada ya uchaguzi. Januari 2015 intaneti ilikatwa wakati wa maandamano. Kutoka Desemba 31, 2018 ilikatwa tena, karibu siku 20. Beni na Butembo walikuwa wamenyimwa kura ya tarehe 30 kwa sababu ya Ebola na usalama, kisha wakakatiwa intaneti kama wale waliopiga kura.

Kisiwani Idjwi watu walijaribu njia ya wenyewe. Mwaka wa 2016, kwa msaada wa mwami Ntambuka na marafiki wa nje, ilisimamishwa rezo ndogo iliyoitwa Pamoja Net. Wazo lilikuwa jepesi: wenye kazi kubwa walipe, wanakijiji wengine wapate njia.

Tangu mwisho wa Januari 2025, benki za Goma zilipofunga milango, simu ndiyo ikawa benki. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zilibeba msaada wa ndugu kwa wahami, na noti zilipokosekana, makato ya kutoa feza yalipanda. Mwezi wa Mei mwaka huohuo Starlink, iliyokatazwa mwaka wa 2024, ilipewa ruhusa na Kinshasa. Mwezi wa Julai Vodacom na Orange zilitangaza mpango wa antena za jua, hadi 2,000 kwa miaka sita, kwa ajili ya vijiji. Sheria ya Novemba 2020 nayo iliweka mfuko wa kupeleka rezo mahali kampuni zisipoona faida.

Kwa familia iliyohama, hesabu inaanza chini kuliko hapo: kwanza feza ya kuchaji simu kwa mwenye paneli, kisha yunite, na mega zikibaki.