Upimaji wa chumvi kidogo katika tangi la samaki

Upimaji wa chumvi kidogo ni utafutaji wa kiasi cha chumvi katika maji ya tangi yenye gramu chache tu kwa lita. Kwa kulinganisha, maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 kwa kilo. Haidromita, yaani kifaa cha kupima msongamano wa maji, haifai hapa, kwani gramu 1 kwa lita hubadili msongamano kwa chini ya 0.001, tofauti isiyosomeka vizuri kwenye mistari yake. Hutumika kipimo cha upitishaji umeme: katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, gramu 1 ya chumvi ya mezani kwa lita huongeza takriban maikrosimensi 2,000 kwa sentimita. Kwa kuwa kipimo hiki hujumuisha madini yote yaliyoyeyuka, maji hupimwa kabla na baada ya kutiwa chumvi, na tofauti ndiyo huhesabiwa.