Pakiti Zinapotelea Wapi

Mteja wa intaneti ya waya mjini Geita, Kahama au Shinyanga akipiga simu huduma kwa wateja huwa na sentensi moja tu: "Mtandao unasumbua." Ndani ya sentensi hiyo mna hali tatu zisizofanana hata kidogo. Huenda mtandao umekatika kabisa. Huenda upo lakini unakwenda kwa kujikokota. Au upo, kipimo cha kasi kinatoa namba nzuri, taa za ruta zote ni za kijani, ila sauti ya unayeongea naye inakatikakatika na ukurasa wa benki unagoma katikati ya malipo. Hali hii ya tatu ndiyo inayowachosha watu kuliko zote, na ndiyo isiyo na jina midomoni mwetu. Wahandisi huiita "packet loss". Kwa Kiswahili ni upotevu wa pakiti, na ninaitetea istilahi hiyo kwa maneno yake yote mawili.

Nianze na pakiti. Picha ya megabaiti 3 ikitumwa kutoka Katoro, mkoani Geita, haisafiri ikiwa nzima. Kompyuta huikata vipande vya takriban baiti 1,460, kwa hiyo picha hiyo moja ni vipande zaidi ya 2,000. Kila kipande huandikwa anwani ya kilikotoka, anwani ya kinakokwenda na namba yake katika mfuatano, kisha huachiwa kiende zake. Kompyuta ya upande wa pili huvipanga upya kwa kufuata namba. Wazo hili liliwajia watu wawili, kila mmoja kivyake, katika miaka ya 1960: Paul Baran kule Marekani, aliyevifikiria vipande hivyo kama bloku za ujumbe, na Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza, ambaye ndiye aliyeviita "packet". Kabla ya kulipitisha neno hilo, Davies alimwendea mwanaisimu kwanza. Alitaka neno litakaloingia katika lugha nyingine bila kuharibika.

Kwetu liliingia salama. Pakiti ya maziwa, pakiti ya biskuti, pakiti ya sigara: kitu kidogo kilichofungwa, chenye maandishi juu yake, kinachohesabika. Sifa zote anazozitaka mhandisi zimo.

Wapo wafasiri wanaopendelea kifurushi, na ukifuata kamusi hawajakosea. Tatizo ni kwamba Tanzania neno hilo limeshachukuliwa. Kifurushi ni bando. Ugomvi wa vifurushi vinavyoisha kabla ya wakati ni wa siku nyingi kati ya wateja na kampuni za simu, na umefika hadi mezani kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mwambie mwenye duka la Nyankumbu, mjini Geita, kwamba laini yake inapoteza vifurushi asilimia sita, naye ataelewa kuwa anaibiwa bando. Atakuwa na haki ya kuelewa hivyo. Istilahi inayompeleka msikilizaji kwenye lalamiko lingine kabisa haifai, hata iwe na sura nzuri ya Kibantu.

Neno la pili, upotevu, lina mwenyeji Shinyanga. Tangu 2009 wakazi wa mji huo na wa Kahama wanakunywa maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, na kusafirishwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA. Mamlaka za maji hutangaza upotevu wa maji kwa asilimia: kiasi kilichoingia bombani, kiasi kilichofika, na tofauti yake. Anayelipa ankara ya maji amekwisha kulisikia neno hili likipimwa kwa namba, na upotevu wa pakiti hupimwa vivyo hivyo. Pakiti 200 zimetumwa, 188 zimerudi, upotevu ni asilimia 6. Lakini upotevu usichanganywe na upotovu. Irabu moja tu inatenganisha hitilafu ya waya na mwenendo mbaya wa mtu, na nimeliona kosa hilo likichapishwa.

Mfano wa maji una mwisho wake. Maji yaliyomwagika yamekwenda. Pakiti ya picha ikipotea hutumwa tena, na hapo ndipo lilipo jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi: upotevu mdogo huua kasi kubwa. Oktoba 1986 mtandao wa wakati huo ulisongamana vibaya. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, umbali wa kama mita 370, kasi ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson na Michael Karels walilichunguza jambo hilo, wakazifundisha kompyuta kanuni iliyouokoa mtandao: pakiti ikipotea, chukulia kuwa njia imejaa, punguza mwendo. Ni kanuni ya busara, ila haiwezi kujua kama pakiti imepotea kwa msongamano au kwa sababu kichwa cha waya kimelegea sebuleni kwako. Inapunguza tu.

Hesabu yake inajulikana tangu 1997, kazi ya Matthew Mathis na wenzake. Tuseme pakiti inachukua milisekunde 200 kwenda Ulaya na kurudi. Kwa kanuni hiyo ya kawaida, upotevu wa asilimia 1 unaibana kasi ya muunganisho mmoja hadi takriban kilobiti 700 kwa sekunde, hata kama unalipia megabiti 20. Ukifika asilimia 6 unabaki na kilobiti 300 hivi. Zipo kanuni mpya zaidi zisizotishika haraka namna hiyo, lakini si kila seva inazitumia. Ndiyo maana kipimo cha kasi hudanganya. Hufungua miunganisho mingi kwa pamoja, tena kwenye seva ya karibu, na matokeo yake ni namba nzuri huku dalali wa soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, akisubiri ukurasa wa bei ya dunia ufunguke. Simu ya sauti ina shida ya aina nyingine: humo pakiti iliyopotea kwa kawaida haingojewi, kwa sababu neno likichelewa kufika halina tena mahali pa kukaa. Silabi inamezwa tu.

Mpaka hapa istilahi imetaja kinachotokea. Mwenye nyumba anataka kujua kinatokea wapi, na kipimo cha kumjibu kipo kwenye kila kompyuta. Ni ping, programu fupi aliyoiandika Mike Muuss mwezi Desemba 1983 na kuipa jina la mlio wa sona, chombo kinachotafuta vitu chini ya maji kwa mwangwi. Hutuma pakiti na kuhesabu zinazorudi. Zima Wi-Fi, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, andika ping -n 200 (kwenye Windows) na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Upotevu ukionekana hapo, hitilafu iko ndani ya nyumba na hakuna haja ya kumpigia mtu simu. Ukiwa sifuri, sogea hatua moja: pima lango la kampuni, yaani anwani inayofuata baada ya ruta yako. Kisha pima seva ya mbali. Angalizo moja kwa wanaotumia programu za kuonesha vituo vyote vya njiani: kituo cha katikati kikionesha upotevu mkubwa ilhali vya mbele yake vinaonesha sifuri, hakuna kilichoharibika. Mashine ile imepunguza tu kujibu maswali, lakini pakiti inazipitisha kama kawaida.

Mtaani Nyankumbu nilimwona fundi kijana akifanya kazi hii kwa utaratibu uliopendeza. Alimwamkia mwenye nyumba, akapima, akakuta upotevu uko kati ya ruta na kompyuta. Hakugusa mipangilio yoyote. Alichomoa kichwa cha waya, akakigeuza, akaonesha kuwa ule ulimi wa plastiki unaokishikilia umevunjika. Kisha akakata kipande cha waya na kukwangua uzi mmoja kwa kisu.

"Mama, waya huu si shaba."

"Mbona una rangi ya shaba?"

"Juu tu, mama. Ndani alumini. Angalia ulivyo mweupe."

Waya wa alumini uliopakwa shaba ni wa bei nafuu, na ukikunjwakunjwa hukatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likionekana zima. Waya wa netiweki una nyuzi nane, jozi nne. Jozi moja ikifa, vifaa vyenye uwezo wa megabiti 1,000 mara nyingi hushuka hadi 100, kasi inayotumia jozi mbili tu, na mtumiaji asitambue. Uzi ukiwa unagusa na kuachia, pakiti zinapotea. Fundi alibadilisha waya wote, akapima tena: sifuri.

Nje ya nyumba mambo hutegemea kama umeletewa shaba au faiba, na Kanda ya Ziwa ina namna yake ya kuvijaribu vyote viwili. Udongo mweusi wa mbuga uliotapakaa Shinyanga huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Nguzo huinama, kebo iliyofukiwa huvutwa, na maungio ya shaba yakishapata ufa huingiza maji, hivyo upotevu unaoonekana Desemba unaweza kutoweka Julai bila mtu kugusa chochote. Radi nazo hapa ni nyingi, kwa kuwa bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi zaidi. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, lakini adapta ya ruta imechomekwa ukutani, na ruta iliyopigwa huweza kubaki hai ikiwa na mlango mmoja mgonjwa.

Adui wa faiba ni mkunjo na vumbi. Njia ya mwanga katikati ya uzi wake ina upana wa maikromita 9, chini ya sehemu ya tano ya unene wa unywele. Punje moja ya vumbi la barabara ya changarawe ikitua kwenye ncha hiyo inaziba sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo asiyekuwa na kifaa cha kuisafishia asiichomoe kamwe. Fundi mwenye mita ya mwanga husoma desibeli. Kwenye faiba nyingi za majumbani 20 chini ya sifuri ni afya njema, na kwenye 27 uko ukingoni. Kila desibeli 3 zinazopungua, nusu ya mwanga imekwenda.

Na kuna upotevu ambao hakuna fundi wa Geita awezaye kuutibu. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika nje ya pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikayumba. Siku kama hiyo, kipimo cha kwenda kwenye ruta kinatoa sifuri, cha kwenda lango la kampuni kinatoa sifuri, na cha Ulaya kinaharibika. Mwenye vipimo hivyo vitatu hanunui ruta mpya bila sababu.

Basi lalamiko la maandishi liwe hivi: "Nimepima kwa waya saa 2 usiku, mvua ikinyesha. Hadi kwenye ruta, pakiti 200, upotevu asilimia 0. Hadi lango lenu, pakiti 200, upotevu asilimia 6." Mhudumu hawezi kulijibu kwa kukuambia uzime ruta na kuiwasha. Na kampuni isipolishughulikia, ndilo la kwenda nalo TCRA, maana mamlaka hiyo humtaka mteja aanze kwa mtoa huduma wake.

Kilichobaki ni kazi ya wafasiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ping hutoa mstari mmoja tu wa majumuisho, wenye hesabu tatu: pakiti zilizotumwa, zilizopokewa, zilizopotea. Mstari huo bado unasomwa kwa Kiingereza kwenye kompyuta za Kahama, na kuufasiri ni kazi ya asubuhi moja.