Bodi Iliyochorwa Turin, Ikaungwa Miritini

Anayetafuta historia ya Pininfarina, karakana ya Italia iliyozipa sura Ferrari nyingi na magari mengine ya watu wenye uwezo, kwa kawaida huanzia Turin. Mimi naona upo mlango mwingine wa kuingilia. Ukitoka kisiwani Mombasa, ukavuka Makupa, ukapita Changamwe na kushika barabara ya Nairobi, utafika Miritini, kilipo kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, ambacho wenyeji hukiita AVA tu. Humo ndimo mafundi wa Kenya walimounga Peugeot 504, gari ambalo umbo lake lilitoka kwa Pininfarina. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983. Kenya iliendelea na gari hilo hadi 2004, na kufikia hapo ilikuwa imeshatoa takriban 27,000.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vya historia ya magari hupenda kumtaja mchoraji, kisha tajiri aliyenunua, na katikati ya hao wawili hapana mtu. Bodi ya gari haijitokezi yenyewe kwenye karatasi.

Mwenye jina la Pininfarina alikuwa Battista Farina, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1893, mtoto wa kumi katika nyumba ya watoto kumi na mmoja. Kwao walimwita Pinin, na jina hilo la utotoni halikumbanduka. Alijifunza kazi angali mdogo kwenye karakana ya kakake Giovanni mjini Turin. Siku zile tajiri hakuingia dukani akatoka na gari zima. Alinunua chasisi, yaani fremu yenye injini, magurudumu na usukani, akaipeleka kwa fundi wa bodi, na huko wakakubaliana umbo, viti, ngozi na rangi, kama vile nahodha wa zamani alivyokwenda kwa fundi wa majahazi, akaeleza shehena na safari zake, na chombo kikaundwa kumfuata yeye. Mbao zilichongwa zikawa mifupa ya bodi, na mabati yakapigwa nyundo juu ya kalibu za mbao hadi yakapinda kwa ulaini. Jicho la fundi ndilo lililokuwa kipimo.

Mwaka 1920 Pinin alisafiri hadi Marekani, akaona jinsi viwanda vya Detroit vilivyokuwa vikitoa magari kwa maelfu. Husimuliwa kwamba Henry Ford alimtaka abaki afanye kazi kwake, naye akakataa akarudi Turin. Alirudi na wazo ambalo mafundi wenzake wengi hawakuwa nalo: kwamba bodi nzuri inaweza kutengenezwa kwa wingi bila kupoteza uzuri wake. Tarehe 22 Mei 1930 alifungua kampuni yake mwenyewe, Carrozzeria Pinin Farina, akisaidiwa na fedha za ukoo wa mkewe na msaada wa Vincenzo Lancia, mwenye kiwanda cha Lancia.

Na Lancia huyo huyo, miaka michache kabla, alikuwa ameshatoa gari lililokuja kuitikisa kazi nzima ya mafundi wa bodi. Lancia Lambda ya mwaka 1922 haikuwa na chasisi ya peke yake: bodi yenyewe ndiyo iliyobeba injini, abiria na mitikisiko ya njia. Wazo hilo lilichukua muda kuenea, lakini lilipoenea, hakukuwa tena na fremu tupu ya kumpelekea fundi. Gari lilizaliwa zima kiwandani, limechomelewa likawa kitu kimoja. Karakana nyingi za Ulaya zilikufa kwa sababu hiyo moja. Zilizosalia zilikuwa zile zilizokubali kuuza umbo, viwanda vikubwa vikalitengeneza. Ukishalielewa badiliko hili, umeelewa pia ni kwa nini mchoro wa Turin uliweza kufika Miritini. Bodi ya kupigwa nyundo juu ya mbao ilibaki pale alipo fundi wake. Bodi ya mabati yaliyokandwa kwa mashine inaweza kuvunjwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku na kupandishwa melini.

Pinin Farina alilikubali badiliko hilo mapema kuliko wenzake, tena bila kuacha jeuri ya ufundi. Mwaka 1946 Waitalia walifungiwa nje ya maonyesho ya magari ya Paris, kwa kuwa vita vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha na Italia ilikuwa upande ulioshindwa. Yeye na mwanawe Sergio waliendesha magari yao wenyewe kutoka Turin, wakayaegesha nje ya Grand Palais, mlangoni mwa maonyesho, kila apitaye ayaone. Mwaka uliofuata akatoa Cisitalia 202, gari dogo ambalo bonati, madigadi na paa lake vilitiririka kama kipande kimoja, na mwaka 1951 jumba la sanaa za kisasa la New York likaliweka kwenye maonyesho yake pamoja na magari mengine saba.

Miaka ya 1950 ndiyo viwanda vya nchi nyingine vilipoanza kumjia. Uingereza ilimpa kazi ya Austin A40 ya mwaka 1958, kisha Austin Cambridge na Morris Oxford. Peugeot ya Ufaransa ilikuwa imetangulia: 403 ilitoka mwaka 1955, na 404 mwaka 1960. Mwaka 1961, kwa amri ya rais wa Italia, ukoo wote ukabadilishiwa jina rasmi ukawa Pininfarina, neno moja. Mzee alifariki tarehe 3 Aprili 1966, na kampuni ikabaki mikononi mwa Sergio.

504 ilichorwa na Aldo Brovarone, mchoraji wa Pininfarina ambaye mkono wake umo pia katika Ferrari Dino. Ilikuwa itolewe katikati ya mwaka 1968, lakini migomo ya mwezi Mei iliifunga Ufaransa na uzinduzi ukasogezwa hadi Septemba. Mwaka 1969 ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Ukiitazama kwa utulivu utaona mahali Brovarone alipothubutu: buti halikuachwa bapa kama la magari mengine ya wakati ule, bali lilivunjwa kidogo na kuinamishwa kuelekea nyuma. Taa za mbele nazo zilikatwa upande, zikaipa sura ya mtu aliyekaza macho. Bodi ya coupé yake, yenye milango miwili, ilitengenezwa na Pininfarina wenyewe huko Turin kisha ikapelekwa Sochaux, Ufaransa, kutiwa injini.

Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilitaka magari yaungwe nchini, kupunguza fedha za kigeni zilizokuwa zikitoka na kuwapa vijana kazi. Viwanda vitatu vikasimama: Leyland Thika, General Motors Nairobi, na AVA hapa Mombasa. Mahali pa AVA palichaguliwa kwa akili. Masanduku yalishushwa bandari ya Kilindini, yakavuka Makupa na kufika Miritini bila safari ndefu ya bara.

Kazi iliyofanywa humo haikuwa ya kufunga skrubu tu, kama wengine wanavyodhani. Mabati ya 504 yalifika yamekwisha kukandwa umbo, lakini yakiwa mbalimbali: sakafu, kuta za pembeni, paa, nguzo za milango. Yalishikizwa kwenye fremu kubwa ya chuma, ambayo mafundi huiita jigi, kila kipande mahali pake, kisha yakachomelewa nukta kwa nukta. Hapo ndipo mchoro wa Brovarone ulipopata kuwa gari. Nguzo ikisogea hata kidogo, mlango hautafunga vizuri, kioo cha mbele kitakataa kukaa, na ule mstari wa buti utapinda upande mmoja. Baada ya hapo bodi ilisafishwa, ikapigwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, jambo zito kwa gari la kuuzwa kwenye chumvi ya pwani, kisha msasa, kisha rangi ya juu, kisha joto la kukausha. Ndipo zikafuata nyaya, vioo, viti na injini. Matairi, betri na baadhi ya vipuri vingine vilitoka viwanda vya Kenya, maana serikali ilitaka hivyo.

Basi anayesema bodi ya 504 ni kazi ya Pininfarina amesema kweli nusu. Umbo ni la Turin. Bodi iliyopita Magongo, hapa Mombasa, imepakia magunia ya viazi ni kazi ya mtu wa Miritini aliyeshika mashine ya kuchomelea.

Nchi yenyewe ndiyo iliyoifanya 504 kuwa gari la watu. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa imeshawazoesha Wakenya na Watanzania jina la Peugeot: 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mfululizo 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504. Mwaka 1978 ikawa zamu ya Jean-Pierre Nicolas, safari hii kwa 504 Coupé, ile yenye bodi ya Turin. Lakini wasafiri wa kawaida waliijua zaidi ile ndefu yenye safu tatu za viti, iliyobeba abiria wa masafa kati ya mji na mji na kupita mabasi njiani. Pikapu nayo ilipanda na mbao, samaki, nazi na vyuma, na hadi leo haijatoweka kwenye gereji za bara ya Mombasa.

Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia bandari ile ile ya Kilindini. Bei zao kiwanda hakikuziweza. AVA iliendelea kuishi kwa malori na mabasi, na Peugeot iliporudi kuungwa Kenya mwaka 2017 ilikwenda Thika.

Ndiyo maana kazi ya kukusanya historia hii ni ya haraka. Karatasi za Turin zimetunzwa na zitatunzwa. Za upande wetu zimo kwenye magari na kwenye vichwa vya watu. Namba ya usajili yenyewe inasema: iliyoishia kwa tarakimu bila herufi ya mwisho ni ya kabla ya 1989, ulipoanza mtindo wa KAA. Bamba la chasisi chini ya bonati, kitabu cha gari, tabaka za rangi zinazoonekana fundi anapokwangua kutu, yote hayo ni kumbukumbu. Na waliochomelea 504 za mwanzo leo ni wazee waliokwisha kustaafu. Yafaa waulizwe mambo ya kazi yenyewe: kipande gani kilisumbua kukaa kwenye jigi, rangi ipi iliagizwa zaidi, nani aliwafundisha, mvua za masika zilifanya nini kwa rangi mbichi, na gari la kwanza waliloliunga lilikwenda kwa nani. Maswali hayo hayajibiki Turin, na hakuna mwingine wa kuyajibu.